Usiiweke hiyo chai kwenye sufuria (jibu kwa mkuu aliyeletewa chai ya Darjeeling)

Mkuu, zima jiko kwanza.

Umesema umeletewa gramu 250 za chai nyeusi ya majani mazima kutoka Darjeeling, kule milimani India, pakiti imeandikwa ya kilimo hai, mchumo wa kwanza (yaani majani ya kwanza kuchumwa mwaka huo), na Jumamosi wakwe wanakuja kwako Dar. Unauliza tangawizi kiasi gani, maziwa nusu kwa nusu au robo, na hicho kilimo hai kina maana gani. Halafu mchangiaji wa pili hapo juu amekujibu: "Ichemshe dakika kumi itoe rangi, hiyo chai ni laini sana." Nilikuwa nakula. Nimeacha sahani nikachukua simu.

Huyo anakupoteza. Na mimi nilipotezwa hivyo hivyo, kwa maneno karibu yale yale, nikaharibu nusu kilo karibu yote mbele ya mama yangu.

Nilikuwa nasoma Pune, India. Desemba 2016 nikaunga treni hadi Kolkata, kisha ya usiku mpaka New Jalpaiguri, nikapanda yale magari ya kuchangia yanayokwea mlima kupitia Kurseong. Nilikwenda kwa sababu moja tu, kumtafutia mama chai. Mama yangu ametulea watoto watano kwa chai na maandazi, meza yake ipo Tanga mpaka leo, na tangu niko mdogo nawasikia wateja wakimsifia mkono wake. Nikasema nikirudi likizo nimletee majani ambayo dunia nzima inayasifia, anywe na yeye anyweshwe, siyo kila siku yeye anamimina tu.

Wakati wa kushuka nikaingia duka moja Siliguri, mji ulio chini ya milima, mitungi ya vioo imepangwa mpaka darini. Muuzaji akafungua mmoja, akaniambia huu ni mchumo wa kwanza, kilimo hai, hakuna kilicho juu yake. Gramu 500 kwa rupia 3,200, zaidi ya nusu ya hela yangu ya kula ya mwezi ule. Nikalipa. Nikamuuliza inapikwaje. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Afrika. Akanijibu nyie mnapenda chai nzito, ichemshe sana, tia maziwa na masala, haina shida.

Haina shida! Mtu anauza jani hilo kila siku, anajua fika linatengenezwaje, anaona mwanafunzi amehesabu noti mara mbili kabla ya kutoa, na bado anashindwa kusema sentensi moja ya kweli. Ingemgharimu nini kuniambia mimina maji ya moto, subiri dakika tatu, chuja? Nimemsamehe mengi huyo bwana lakini hilo sijamsamehe. Na hapo sijagusa lingine. Mchumo wa kwanza Darjeeling huanza mwishoni mwa Februari na kuishia Aprili. Mimi nilinunua Desemba. Majani yale yalikuwa yamekaa kwenye kioo, kwenye mwanga wa duka, karibu miezi tisa, na yeye ananiuzia kama ya jana.

Sasa sikiliza kilichotokea jikoni kwa mama, maana ndicho kitakachotokea kwako Jumamosi.

Mama alibandika sufuria ya lita moja na nusu, tangawizi ya kuponda, iliki tatu, vijiko vinne vya majani. Majani yakaelea. Unajua majani yetu ya dukani, zile punje ndogo nyeusi, ukirusha tu maji yanageuka mekundu kabla hujaweka kijiko chini. Haya yalikaa juu kama makapi, mengine ya kijani, mengine ya kahawia, na maji yakabaki rangi ya udi uliolowekwa. Dakika tano, hamna kitu. Mama akaongeza vijiko viwili. Dakika kumi, akaongeza tena. Mimi nimesimama pembeni nasema subiri mama, muuzaji alisema ichemke sana. Tulipotia maziwa ikawa kijivu. Siyo kahawia ile ya chai, kijivu, kama maji yaliyosuuzia sufuria ya uji.

Ladha yake naikumbuka mpaka leo. Ukakasi mtupu, ule unaokamata ulimi na mashavu kwa ndani kama umetafuna ndizi mbichi, na nyuma yake maziwa yaliyopoa. Harufu hakuna kabisa. Mama akanywa nusu, akafunika kikombe kwa kisahani, akaniambia taratibu, "Mwanangu, wamekuuzia majani yaliyochoka." Kisha akanishukuru kwa safari ndefu. Hiyo shukrani iliniuma kuliko hela.

Tungeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mimi nikang'ang'ana. Wiki tatu nzima kila asubuhi nabadilisha kitu, nazidisha majani, nazidisha muda, natia mdalasini, napunguza maziwa, naongeza sukari. Kila nilichobadilisha kilikuwa pembeni ya kosa lenyewe. Nilipofunga begi kurudi chuo mfuko ulikuwa na kama gramu 40.

Nilitaka kurudi Darjeeling mwaka uliofuata nikaulize, ila 2017 milima yote ilifungwa na mgomo wa siku 104, kuanzia Juni hadi Septemba, wenyeji wakidai jimbo lao la Gorkhaland. Mashamba yalisimama na mchumo wa pili ukapotea. Nikaenda Aprili 2018, na ule mfuko wangu wa gramu 40 mfukoni. Kiwanda kimoja cha shambani wakaniruhusu niingie chumba cha kuonjea.

Meza ndefu chini ya dirisha kubwa, vikombe vyeupe vyenye mfuniko vimepangwa mstari, mbele ya kila kikombe bakuli jeupe. Mwonjaji, mzee wa Kinepali, anapima kila sampuli kwenye mizani ndogo, gramu mbili na nusu, hazizidi hazipungui. Maji yanamiminwa, mfuniko unawekwa, saa inabonyezwa. Dakika tano zikitimia anakilaza kikombe chote juu ya bakuli, maji yanachuruzika mpaka tone la mwisho, majani yanabaki ndani. Hayo majani yaliyolowa anayageuzia juu ya mfuniko, anayainamia na kuyanusa kabla hajagusa maji. Baadaye anachota kijiko, anavuta kwa sauti kubwa ili chai itawanyike mdomoni na harufu ipande puani, anatema, anakwenda kikombe kingine. Kikombe cha tano alirudia kukinusa mara tatu, akaniita na mimi ninuse. Mkuu, ilikuwa kama umeingia chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi na maua.

Nikatoa mfuko wangu. Akamimina majani kiganjani, akayapulizia pumzi yenye joto, akanusa. Akasema ni ya zamani. Akayapima, akayamiminia maji kama mengine. Yalipochujwa rangi ilikuwa ya dhahabu iliyofifia, nikavuta kijiko, na harufu ya maua ilikuwepo. Imepungua, lakini ipo. Majani ya miaka miwili, yaliyokaa duka la vioo na begi la mwanafunzi, bado yalikuwa nayo. Kwa hiyo siku ile jikoni kwa mama yalikuwa nayo zaidi, na mimi ndiye niliyeifukuza ikatoka na mvuke dirishani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Ndiyo maana nakwambia, na ukisahau yote usisahau hili: JANI HILO HALIPIKWI. Linamiminiwa maji, linahesabiwa dakika, linachujwa lote.

Sababu iko kwenye utengenezaji. Chai nyingi tunayokunywa huku, ya Kenya na ya kwetu pia, hupitishwa kwenye mashine za meno zinazolisaga na kulichana jani mpaka linakuwa punje. Limeshavunjwa kila mahali, kwa hiyo likigusa maji linatoa kila kitu kwa dakika moja, rangi, nguvu, uchungu, na lina uzito wa kutosha kubeba maziwa. Hiyo ichemshe, imezaliwa kwa kazi hiyo. Chai ya Darjeeling hunyaushwa, husokotwa, jani linabaki jani. Mchumo wa kwanza hunyaushwa sana mpaka ule weusi wa chai haukamiliki, ndiyo sababu utaona majani ya kijani ndani ya pakiti iliyoandikwa chai nyeusi. Usidhani umeibiwa. Thamani yake iko kwenye harufu, na harufu ni vitu vyepesi vinavyoruka na mvuke. Ukichemsha, harufu inapaa na ukakasi unabaki. Maziwa nayo, protini yake inakamata kile kidogo kilichobaki. Tangawizi inamalizia.

Sasa fanya hivi. Pima kwa mizani, siyo kijiko, maana majani haya ni mepesi na marefu, kijiko kinadanganya. Gramu mbili na nusu kwa kikombe cha mililita 200. Tumia buli au kikombe chochote chenye nafasi, siyo kile kichujio cha duara kinachobana, jani linataka kujinyoosha. Maji yachemke, kisha yaache yatulie dakika moja au mbili. Hapa watu wengi hawaelewi. Kule juu, mji wa Darjeeling uko mita 2,000 na kidogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Wewe uko Dar, usawa wa bahari, yako yanafika 100. Ukimimina yakiwa yanatokota unalimwagia jani maji ya moto kuliko yale linayomiminiwa kwao. Funika, dakika tatu. Wale waonjaji wanaacha tano kwa makusudi, wanataka kasoro zote zijitokeze. Wewe hutafuti kasoro, unataka kunywa. Kisha chuja YOTE kwenye buli jingine, usiache majani yaendelee kuloa huku mnapiga stori, la sivyo kikombe cha pili kitakuwa kile cha mama yangu. Majani usitupe, yamiminie maji tena kwa dakika nne, bado yana kitu.

Na maji, tafadhali, siyo ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, utapata utando juu na ladha ya bati. Nunua maji ya chupa kwa siku hiyo moja.

Kuhusu kilimo hai, kuna jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui. Mashamba ya huko yalianza mapema; Makaibari pale Kurseong lilipata cheti mwaka 1988. Kwenye mchumo wa pili, Mei na Juni, kuna vidudu vidogo vya kijani vinavyorukaruka na kufyonza majani machanga. Mche ukijeruhiwa hivyo unajihami kwa kutengeneza vitu vya harufu, na hivyo ndivyo vinavyochangia ile ladha ya zabibu zilizoiva ambayo wanunuzi wanaililia. Shamba likimwaga sumu kali kila wiki, vidudu wanakufa na harufu hiyo inapungua. Nilipoelezwa hilo nikaanza kuliheshimu neno hilo kwenye pakiti. Lakini halibadilishi chochote kwenye sufuria! Ya kilimo hai ukiichemsha inakufa vile vile.

Najua unachowaza. Wakwe ni watu wazima, wamezoea chai ya maziwa, ukiwaletea maji ya dhahabu bila maziwa watasema kijana ameishiwa. Basi wapikie chai yao ya maziwa kwa majani ya dukani, tangawizi tele, maandazi ya moto, wale washibe. Baadaye, mazungumzo yakitulia, leta hii kwenye vikombe vidogo vyeupe, bila sukari, na waambie waanze kwa kunusa. Mama yangu nilimfanyia hivyo Julai 2018, gramu 50 tu za mchumo wa mwaka ule ule, alasiri, barazani. Alinusa, akanyamaza, akanusa tena. Akaniuliza, "Ndiyo hii uliyoniletea siku ile?" Nikamwambia ndiyo mama, ndiyo hii. Akanywa mpaka mwisho na akataka kuona majani yake.

Umebakiwa na usiku mbili. Leo kabla ya kulala toa gramu mbili na nusu, fanya kikombe kimoja peke yako, dakika tatu kwa saa ya simu, bila kitu kingine chochote ndani. Kisha rudi hapa uandike umenusa nini. Nitakuwa macho.