Kwa Zaina, kuhusu lile gari

Kibuli, Kampala

Mwanangu Zaina,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa mjukuu wangu. Barua yako ilinifikia, na nimeona nikujibu kwa maandishi kwa sababu swali lililomo si la kujibiwa kwa simu huku konda akipiga kelele nyuma yako. Umeniuliza tuliwezaje, mimi na baba yenu, kuwalea ninyi wanne katika jiji hili bila gari, kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi na wa karani wa stoo ya reli. Tena, kwa kuwa unatarajia mtoto wa pili na chama chenu cha akiba kiko tayari kuwakopesha, unataka kujua kama mchukue mkopo huo mnunue gari au mzidi kuvumilia taksi za abiria wengi za huko Kira, pembezoni mwa jiji, mnakoishi.

Nitaanza na nyumba, maana huko ndiko jambo hili lilikoamuliwa. Tulipooana, wenzetu wengi walikuwa wakihamia pembezoni mwa mji, ambako kwa kodi ndogo mtu alipata nyumba kubwa yenye uwanja wa watoto kuchezea. Sisi tulichukua vyumba viwili hapa kilimani kwa kodi iliyotuuma, kwa sababu baba yenu angeshuka kwa miguu hadi kazini, shule niliyofundisha ilikuwa jirani, hospitali ya Kibuli ilikuwa juu yetu na ya Nsambya ng'ambo ya pili, na sokoni hatukuhitaji nauli. Anayehamia mbali kwa ajili ya kodi nafuu huanza kulipia gari kabla hajalinunua: hulilipia kwa nauli ya kila siku, kwa saa anazokaa kwenye foleni ya barabara ya Jinja, na mwishowe hulinunua lenyewe, kwa kuwa maisha ya huko hayaendi bila gari. Kwa hiyo mkopo huo ulianza siku mliposaini mkataba wa nyumba ya Kira, ingawa chama chenu hakikuwapo.

Shule nayo tuliichagua kwa kigezo cha miguu. Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, ilianza kwa kuwalipia watoto wanne kwa kila familia, idadi iliyotufaa kabisa, ijapokuwa sare, madaftari na uji wa mchana viliendelea kutoka mfukoni mwetu. Siwalaumu wazazi wanaompakia mtoto wa miaka minne katika gari la shule kabla ya alfajiri ili akasome shule yenye jina upande wa pili wa jiji. Hata hivyo nimefundisha miaka mingi, na mtoto anayesinzia darasani sijaona akisaidiwa na jina lililoandikwa getini.

Taksi zina hesabu yake, nawe uliijua nusu tu kwa sababu ulikuwa ukipakatwa, na mtoto anayepakatwa halipi. Gari la abiria 14 halina nauli iliyobandikwa mahali popote. Bei hupanda mvua inapoanza, hupanda jioni watu wanapotoka kazini, na hupanda Desemba kila mtu anapotaka kurudi kijijini. Dawa yake ilikuwa ni kuchagua saa. Asubuhi tulitoka kabla ya msongamano, na mvua ya jioni tuliisubiri barazani kwa mtu hadi makonda wachoke kupandisha bei. Mvua kubwa ikinyesha, tulijua pia kwamba maji yatajaa pale Clock Tower, kwa hiyo hata mwenye gari alikuwa amekaa ndani ya gari lake akitutazama tukipita.

Bodaboda niliikataa kwa watoto, na msimamo huo sijaubadilisha. Hadi leo nikiona pikipiki moja imebeba watoto watatu wenye sare na mama yao nyuma, bila hata mmoja wao kuvaa kofia ngumu, natamani mama huyo angepita kwanza katika wodi za majeruhi kule Mulago ndipo ahesabu ameokoa kiasi gani.

Usiku ulikuwa jambo jingine. Mtoto akishikwa na homa saa nane za usiku, au uchungu wa kuzaa ukianza, hakuna falsafa ya kutembea itakayokusaidia. Kwa ajili hiyo tulikuwa na bahasha iliyokaa kabatini nyuma ya sahani za wageni, yenye fedha za kukodi gari na za kumwona daktari, wala haikuguswa hata sukari ilipokwisha. Dereva wetu alikuwa mzee mmoja wa Kabalagala, na kabla hatujapata simu baba yenu alikwenda kumgongea dirisha. Mkiendelea bila gari, bahasha hiyo iwe jambo la kwanza, kabla ya mengine yote niliyoyataja.

Ya jikoni nitayapitia haraka kwa kuwa ulikuwepo ukiosha vyombo. Mkaa tulinunua gunia zima tukagawana na majirani, maana anayenunua kwa kopo humaliza mwezi amelipa bei ya gunia na zaidi. Maharagwe yalilowekwa usiku. Dagaa zilipikwa kwa karanga. Nguo za Idi zilitoka soko la mitumba la Owino nami nikazifua na kuzipiga pasi mpaka mkaamini ni mpya.

Sasa nije kwenye gari lenyewe. Tangu sheria ya mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini, na magari makuukuu hutozwa ushuru wa mazingira juu ya ushuru wa forodha. Kwa hiyo yale ya bei nafuu mnayoonyeshwa mara nyingi ni yale yaliyokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa hapa hapa, na kila mmoja aliliuza kwa sababu anayoijua yeye. Ongeza bima, matairi, maegesho ya mjini, na shokapu zinazoliwa na mashimo ya barabara zetu, mashimo ambayo mwaka 2023 watu wa Kampala waliyapiga picha wakayafanyia maonyesho mtandaoni. Petroli nayo kwa sehemu kubwa hutufikia kwa kupitia Kenya. Mwanzoni mwa mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara za huko, na tena Januari 2022, malori yalipokwama mpakani kwa sababu ya mvutano kuhusu vipimo vya korona, bei ilipaa hapa kwetu kwa jambo ambalo hakuna Mganda angeweza kulitatua. Ni kweli kwamba nauli za taksi zilipanda pia, lakini anayeishi karibu huiacha taksi akatembea, na anayeishi Kira hana njia hiyo. Hata Machi 2020, taksi zilipopigwa marufuku kwa ajili ya korona na siku chache baadaye magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa, jirani yetu mwenye gari na sisi tusio nalo tulionana soko lile lile, tumebeba vikapu.

Iko gharama nyingine isiyoandikwa katika fomu ya mkopo. Katika ukoo wetu, mtu akishanunua gari huwa amelinunulia ukoo: msiba ukitokea ataitwa, nikaha ataitwa, mgonjwa akitolewa hospitali ataitwa, na mara nyingi petroli itakuwa yake. Mjomba wako wa Bombo amesindikiza maiti wengi kwa gari lake, na Mungu atamlipa, lakini fundi wa gari hamsubiri Mungu.

Usidhani nasema kwamba hatukupungukiwa na kitu. Tulifika harusini watu wakiwa wamekwisha kula. Ndugu wa mbali tuliwaona mara chache kuliko nilivyopenda. Dada yako alichukia kufika siku ya wazazi na viatu vyenye tope jekundu huku wenzake wakishuka garini. Nilibeba kitambaa chenye unyevu mkobani kwa ajili hiyo, lakini haya ya msichana wa miaka 14 haifutiki kwa kitambaa. Na siku hizi magoti yangu yananidai kila mpando wa kilima hiki.

Kama mkwe wangu angefanya kazi za zamu ya usiku, au kama mngekuwa na mtoto anayehitaji kupelekwa kliniki kila wiki, ningewaambia mnunue wala nisingeandika kurasa hizi. Lakini kazi zenu zote mbili ziko katikati ya jiji. Kwa hiyo nasema msichukue mkopo huo sasa. Kwa miezi mitatu wekeni kando kiasi ambacho mngelipa chama pamoja na kile ambacho mngelipia petroli, kana kwamba gari liko uani. Fedha hizo zikishindwa kukaa, basi gari nalo lingewashinda. Zikikaa, zilinganisheni na tofauti iliyopo kati ya kodi ya Kira na kodi ya huku, kisha mwamue wenyewe, kwa kuwa nyumba ni yenu.

Vyumba viwili vya pale chini ya shule vinaachwa wazi mwisho wa mwezi huu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele, nami nimemwomba asubiri mje mvione. Msije Jumapili, kwa sababu siku hiyo barabara huwa tupu na mahali popote huonekana pazuri. Njooni siku ya kazi asubuhi, mtembee kutoka hapo hadi ofisini kwenu, na mjukuu wangu mniachie.

Mama yako