Percy Thrillington ni nani hasa?

SWALI: Mhariri, nimenunua santuri ya mtu aitwaye Percy "Thrills" Thrillington. Muuzaji anaapa kwamba ni ya Paul McCartney wa Beatles, lakini sauti yake siisikii hata mahali pamoja. Nimepigwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hujapigwa, ndugu. Huyo Thrillington hakuwahi kuwepo, ni McCartney mwenyewe. Sauti huisikii kwa sababu hakuimba. Juni 1971, mara tu baada ya kutoa albamu ya Ram, alimpa mpangaji wa muziki Richard Hewson kazi ya kuipanga upya yote kwa okestra, wakairekodi studio za Abbey Road, McCartney akiwa prodyuza. Kisha akaunda bendi ya Wings, kanda zikalala hadi zilipotolewa Aprili 1977. Utani wenyewe alikuwa ameutayarisha vizuri: alilipia matangazo madogo kwenye magazeti ya London yakieleza bwana Thrillington yuko wapi na anafanya nini. Alikiri 1989 kwamba ni yeye.

Kuhakikisha, ipige sambamba na Ram. Nyimbo zinafuatana vilevile, ila Ram ina 12 na hii 11, kwani kile kipande cha kurudia "Ram On" kimeachwa. Ukihesabu tu bila kusikiliza utadhani yako ina kasoro.

Jaladani yupo mpiga fidla mwenye kichwa cha kondoo dume. Tazama lebo: toleo la kwanza la Uingereza ni Regal Zonophone, namba EMC 3175. Capitol ni la Marekani. Kuna pia toleo jipya la 2018, halali kabisa, ila usililipie bei ya mkongwe.