Kabla hujaongeza kopo lingine la vitamini kwa ajili ya MS

Ukishaambiwa una MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ganda linalofunika neva za ubongo na uti wa mgongo), watu wanaokupenda huanza kukuletea makopo. Huyu kasikia magnesiamu inamaliza uchovu, yule anamjua mtu aliyesimama tena kwa vitamini B, mwingine kakutumia video ya muuza zinki. Mimi napokea, nashukuru, halafu nageuza kopo nisome nyuma. Mbele ni matangazo tu.

Kinachonifanya niwe mgumu hivi ni kwamba baadhi ya vidonge hivi vikizidi huleta dalili zinazofanana na za MS yenyewe. Chukua vitamini B6. Mtu mzima anahitaji miligramu moja na kitu kwa siku. Ukiimeza kwa wingi kwa muda mrefu, inaharibu neva za miguu na mikono: ganzi, kuchomachoma, kuyumba ukitembea. Sasa wewe mwenye MS ukihisi hivyo utasema nini kama si kwamba ugonjwa umeamka? Daktari naye atasema hivyohivyo asipojua unachomeza. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku, ilhali kidonge kimoja cha mchanganyiko wa vitamini B kinaweza kuwa na 50 au hata 100. Na B6 ina tabia ya kujificha. Imo kwenye multivitamini, imo kwenye huo mchanganyiko wa B, na mara nyingi imo hata kwenye kopo la magnesiamu, imeandikwa kwa jina la pairidoksini. Panga makopo yako yote mezani, shika kalamu, ujumlishe.

Zinki nayo ina yake. Ikipita miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, inazuia mwili kufyonza madini ya shaba, na shaba ikipungua sana uti wa mgongo unaumia, miguu inakakamaa na usawa wa mwili unapotea. B12 ni kinyume chake: hapo upungufu ndio unaofanana na MS, ndiyo maana daktari mzuri huipima mapema. Wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, au dawa za kupunguza asidi tumboni kwa miaka, na wasiokula nyama, mayai wala maziwa, wasiache kuomba kipimo hicho. Lakini kama B12 yako iko sawa, sindano za ziada hazirudishi ganda la neva lililoliwa na MS. Samahani kwa wanaozipenda.

Vitamini D ndiyo ninayoimeza mwenyewe, kwa kipimo cha damu na kwa dozi niliyokubaliana na daktari. Wenye kiwango cha chini cha vitamini hii wako kwenye hatari zaidi ya kupata MS, hilo halina ubishi mkubwa. Swali ni kama kuimeza kunatuliza ugonjwa ulioshaanza, na hapo majibu yamegongana. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023 ulilinganisha yuniti 5,000 kwa siku na 600 kwa watu waliokuwa tayari kwenye dawa ya MS. Mashambulizi, yaani vipindi ambapo dalili huzuka upya, hayakupungua zaidi kwa waliopewa nyingi. Kisha 2025 Wafaransa wakatoa utafiti wa watu waliopata shambulio la kwanza tu, wasio na dawa nyingine, wakipewa yuniti 100,000 kila wiki mbili: kwao ugonjwa ulitulia kiasi. Usikimbilie namba hiyo peke yako, wale walikuwa chini ya uangalizi. Bila daktari, kikomo cha kawaida ni yuniti 4,000 kwa siku, na kama lebo imeandikwa mikrogramu, zidisha kwa 40 upate yuniti. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, choo kigumu, kukojoa kila saa. Tena dalili ambazo mwenye MS hazimshangazi!

Bayotini, vitamini nyingine ya kundi B, ilitupa matumaini. Utafiti wa 2016 ulitumia miligramu 300 kwa siku, mara elfu kumi ya mahitaji ya kawaida, ukaonyesha baadhi ya wagonjwa wakipata nafuu. Utafiti mkubwa zaidi uliotoka 2020 haukuona faida hiyo. Lililobaki ni madhara yake maabara: bayotini nyingi hupotosha vipimo vya homoni za tezi, na kile cha troponini kinachotumika kugundua shambulio la moyo. Ukienda kutoa damu, taja bayotini hata kama ni ile ya nywele na kucha.

Vinavyojisifu kuwa vinapandisha kinga ya mwili mimi huviacha dukani. Kinga yangu ndiyo inayonishambulia. Siioni sababu ya kuitia hamasa.

Jambo la mwisho huwa halisemwi kabisa, nalo linawahusu wengi wetu kwa sababu kibofu kikisumbua UTI haiko mbali. Kalsiamu, magnesiamu, chuma na zinki hujishika na baadhi ya antibiotiki tumboni, dawa ikapita bila kufyonzwa vizuri. Siprofloksasini, kwa mfano, imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Mimi nikiandikiwa dozi ya siku chache huyaweka madini kabatini mpaka niimalize, maana kuhesabu saa huku nina homa siwezi.