Mara mbili ya ngapi?

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika vipeperushi vya afya. Kimoja kilisema tabia fulani huongeza hatari ya ugonjwa mara mbili. Niliipenda sentensi ile: fupi, ya kutisha, na ya kweli. Mama mmoja mtu mzima akaisoma, akaniuliza, "Mara mbili ya ngapi, mwanangu?"

Nikababaika. Jibu nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimeliacha makusudi. Namba yenyewe ilikuwa ndogo, nikaona ingepunguza makali.

Nilijitetea kwamba nia yangu ilikuwa njema. Lakini nani anayeeneza propaganda akaamini nia yake ni mbaya? Na mambo haya huumiza hata pasipo mwenye hila. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walitangaziwa kwamba vidonge vipya vya kuzuia mimba huongeza maradufu hatari ya damu kuganda mishipani. Ilikuwa kweli: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliingiwa na hofu, wakaacha vidonge. Mwaka uliofuata, kwa makadirio, mimba 13,000 zaidi zilitolewa England na Wales. Na ujauzito wenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile!

Kwa hiyo usijipime kwa swali la "nimedanganya?" peke yake. Utafaulu kila siku. Mimi hujiuliza: msomaji akigundua nilichokiacha, ataona nimemsaidia kuamua, au nimemwamulia? Ukisema "mara mbili", taja ya ngapi. Hoja ya anayekupinga iandike hivi kwamba yeye mwenyewe akiisoma atasema, "Naam, ndivyo ninavyosema." Hili ndilo gumu kuliko yote, mara mbili limenifanya nibadili msimamo wangu mwenyewe, na kazi ikabidi ianze upya. "Amua leo hii" ifute, isipokuwa kama kesho kweli kutakuwa kumechelewa.

Hisia sizikatazi. Jambo la kutisha na litishe, kwa kadiri yake.

Kipeperushi nilikiandika upya, namba zote ndani. Wenzangu walisema kimepoa, na kweli kilikuwa kimepoa. Yule mama alikisoma hadi mwisho, akakikunja, akasema atakwenda kufikiri. Ulimi uliniwasha nimwongezee neno la kumsukuma. Nikanyamaza, naye akaenda zake.