Povu lisilokoma baada ya kifafa

SWALI: Mdogo wangu, miaka 24, ana kifafa. Mwezi uliopita alianguka nyumbani, akatikisika kama dakika saba. Ulipokoma tulidhani amelala, kumbe anahema mbiombio, kifua kinatokota kama chungu jikoni, na povu la waridi halikomi. Hospitali walisema mapafu yamejaa maji, wakamwekea oksijeni; siku ya tatu akaruhusiwa. Hana pumu wala ugonjwa wa moyo. Jirani anasema ni yale maji tuliyommwagia usoni. Je, ni kweli? Na tuweke nyumbani vidonge vya kukojoza maji?
Dada wa mgonjwa, Ujiji, Kigoma

JIBU: Kwa hali uliyoieleza, pole dada, yaelekea maji hayo yalitoka kwenye damu yake mwenyewe. Kifafa kinapotikisa mwili mzima, ubongo huamuru adrenalini, kemikali ya mwili ya wakati wa mshtuko, imwagike kwa mkupuo. Mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda ghafla, na damu nyingi hurundikana kwenye mapafu. Vijishipa vinavyozunguka vifuko vya hewa haviwezi kuhimili. Kuta zake huachia, majimaji na chembechembe nyekundu huvujia ndani. Hewa ikiyakoroga, ndilo hilo povu. Huanza dakika chache hadi saa kadhaa baada ya kuanguka, hasa kifafa kikichukua muda mrefu, na mara nyingi hupungua ndani ya siku moja hadi tatu akipata oksijeni. Moyo unaweza kuwa mzima kabisa.

Hata hivyo jirani msimpuuze sana. Mtu asiye na fahamu hamezi, kwa hiyo maji, uji au matapishi huweza kuteleza hadi mapafuni. Huo ni ugonjwa mwingine: homa na kikohozi hufuata baadaye, na kwenye eksirei doa mara nyingi hukaa upande mmoja, zaidi wa kulia chini, ilhali maji ya kifafa kwa kawaida huonekana pande zote mbili. Siku za kwanza hata daktari huweza kuchanganya. Msimmwagie maji tena, wala msimtie kijiko mdomoni.

Si kila povu ni la mapafu. Mate meupe, au yenye michirizi ya damu ya ulimi ulioumwa, ni ya kawaida na hukoma. Wala hayaambukizi kifafa, kwa hiyo mgeuzeni bila hofu.

Kikianza, tazameni saa. Ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni nguo laini chini ya kichwa, msimshike kwa nguvu. Mtikisiko ukikoma mlazeni ubavu, mdomo uelekee chini ili mate yatoke. Kisha hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Kuhema kwa kasi kidogo mwanzoni si ajabu, lakini zikibaki juu ya 30, au midomo ikiwa ya bluu, au akikohoa povu la waridi, mpelekeni hospitali hapo hapo. Vivyo hivyo kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka. Njiani abaki ubavu. Akizinduka kabisa, aketi wima akiegemea mtu, kwani kulala chali humzidishia kukosa hewa. Mwelezeni daktari kifafa kilichukua dakika ngapi na kama alitapika. Maelezo hayo humsaidia sana.

Vidonge vya kukojoza, hapana. Tatizo hapa ni mishipa kuvuja, si mwili kuzidiwa maji, na shinikizo la damu likiwa limeshuka, furosemidi, yaani dawa hiyo ya kukojoza, humdidimiza zaidi. Daktari ataamua baada ya kumpima. Kitu cha kuweka nyumbani ni dawa zake za kifafa, zinunuliwe kabla hazijaisha. Kukatiza ghafla dawa ya kifafa kama fenobabitoni peke yake kwatosha kuleta kifafa kirefu.

Na kwa kuwa mko Ujiji, asiingie ziwani peke yake, hata kuoga ufukweni kwenye maji ya magoti. Kifafa kikimkuta humo, maji ya Tanganyika ndiyo yatakayoingia mapafuni.