Mgonjwa wangu ni paka, na joto ni la Maskati

Mhariri, juma hili mmetuuliza wasomaji tunamtunzaje mgonjwa nyumbani wakati wa joto kali. Mgonjwa wangu ni paka. Anaitwa Kashata, ana umri wa miaka 14, na tangu mwaka jana figo zake zimedhoofika. Nilisita kidogo kuandika, kwa kuwa najua wengine watajibu kuhusu wazazi wao na watoto wao, lakini Juni na Julai zote saa zangu hupangwa kwa ajili yake, na mengi ninayoyajua leo nimeyajua baada ya kukosea.

Ninaishi Maskati. Wakati jamaa zetu walioko Unguja wanavuta shuka kwa kipupwe, huku kwetu kunawaka moto. Milima myeusi iliyouzunguka mji hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, hata giza likiingia mtu hapati nafuu. Mwezi Juni mwaka 2018, kule Qurayyat, mji wa pwani usio mbali nasi, kwa siku nzima pamoja na usiku wake joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Serikali hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni mpaka Agosti. Ikiwa mtu mzima mwenye afya huzuiwa kutoka, fikirieni hali ya mnyama mkongwe aliyekonda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba dawa ya joto ni baridi. Nilimfungia Kashata chumbani, nikaweka kiyoyozi nyuzi 18, nikaenda kazini nikiwa na moyo mtulivu. Jioni nilimkuta amejikunyata nyuma ya kabati, manyoya yamemsimama, na chakula hajakigusa. Alikuwa na kilo nne na nusu, sasa ana tatu na robo, na mwili usio na nyama hauhimili ubaridi ule. Daktari wa wanyama alinishauri niweke nyuzi 26 na nisifunge mlango kabisa. Sasa anachagua mwenyewe. Mchana hulala kwenye marumaru ya ukumbini, na alfajiri, sakafu ikishapoa, hupanda juu ya zulia. Mimi humfuata aendako na kumsogezea maji, wala simbebi tena kumpeleka ninapoona mimi panafaa.

Maji ndiyo shughuli yenyewe. Figo mbovu haziwezi kuyazuia mwilini, kwa hiyo paka hukojoa sana hata siku ambazo hakunywa vya kutosha. Ugonjwa humkausha kwa upande mmoja na joto kwa upande mwingine. Na maji yenyewe, mwezi wa Julai, hutoka bombani yakiwa ya moto, kwa sababu matangi yetu yako juu ya paa. Tulioishi Ghuba tunajua la kufanya: tunazima hita ya bafuni mapema, na kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yamekaa kivulini, tunafungulia bomba la maji ya moto ili tupate yaliyopoa. Hayo ndiyo ninayomwekea Kashata, katika bakuli la udongo kutoka Bahla lisilong'arishwa. Udongo huo hutoka jasho kama mtungi wa bibi zetu, na jasho likikauka huondoka na joto. Siku za gharbi, ule upepo mkavu wa jangwani, ukitia kidole bakulini utasema maji yametoka kisimani. Siku za unyevunyevu wa bahari bakuli hulowa tu bila kupoa, hapo hubadilisha maji kila baada ya saa mbili.

Chakula chake ni cha kopo, kwa kuwa robo tatu yake ni maji, nami huongeza vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu. Naweka kidogo kidogo, maana kikikaa huvunda upesi. Wanaopenda kumpa paka mchuzi wa nyumbani nawaomba sana waache: mchuzi wetu hauendi bila kitunguu, na kitunguu huharibu damu ya paka.

Kila baada ya siku moja namtia dripu mwenyewe, mililita 100, kama nilivyofundishwa na daktari. Mfuko nautundika kwenye ndoano ya pazia. Naivuta ngozi ya katikati ya mabega hadi isimame kama hema, sindano hupita chini yake, na maji hujikusanya yakafanya nundu laini ambayo huteremka taratibu mpaka mguuni, kisha hunywewa na mwili. Mwanangu humkuna kidevu muda wote huo. Siku moja niliusahau mfuko garini kwa nusu saa, nikaukuta hauguswi kwa moto, nikautupa.

Mwezi uliopita umeme ulikatika saa nane mchana. Paka hatoki jasho isipokuwa nyayoni, na akianza kutweta mdomo wazi hali hiyo si ya kusubiri. Akiwa amelala, pumzi za Kashata hazipaswi kuzidi 30 kwa dakika; mchana ule nilihesabu 44. Nilimpangusa nyayo, masikio na tumbo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, nikamwomba jirani aliwashe gari lipoe kwanza, ndipo tukaenda kwa daktari. Jirani huyo, kwa huruma yake, alitaka nimpe nusu ya kidonge cha panadoli. Nashukuru nilikataa, kwani dawa hiyo humuua paka hata kwa kipimo kidogo.

Tulirudi naye usiku, amechoka lakini anapumua vizuri. Leo alfajiri, kabla ya adhana, nikiwa bado kitandani, nilisikia ulimi wake ukilamba maji kwenye lile bakuli la udongo, akanyamaza, kisha akaanza tena.