Kamari ya simu kwa Muislamu anayeishi Malaysia: sheria inasemaje, na fedha zifanyweje

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni Mzanzibari, nasoma Kuala Lumpur. Nimekuwa nikicheza sloti kwenye programu ya simu. Programu hiyo ina nembo ya leseni ya nchi nyingine, na wenzangu wanasema Malaysia haina sheria ya kamari ya mtandaoni, na tena kasino ya Genting iko wazi. Mpaka sasa nimeweka jumla ya ringgit 800, nimetoa 1,150, na 90 zimebaki ndani. Pia kuna mwenzangu anataka wateja wa kamari wapitishie fedha kwenye akaunti yangu ya benki, anilipe kila mwezi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salam wa rahmatullahi wa barakatuh. Alhamdulillah, was-salatu was-salamu ala Rasulillah. Ama baad.

Mwanangu, hukumu ya kamari haingoji bunge. Katika Sura Al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameiweka pamoja na ulevi na kuamrisha tujiepushe nayo. Kipimo cha mafakihi ni hiki: kila anayetoa dau awe baina ya kupata cha mwenzake na kupoteza chake. Sloti ni hivyo hivyo, iwe mashine ya chuma au picha kwenye kioo cha simu.

Wenzako wameshika nusu ya habari. Sheria kuu mbili za serikali, ya nyumba za kamari na ya kubeti, ni za mwaka 1953. Lugha yake ni ya nyumba na mawakala wa dau, ndiyo maana wanasheria hubishana kuhusu mtu anayecheza peke yake chumbani. Lakini ubishi huo haukusaidii wewe. Mahakama ya Kadhi uliyoizoea Zanzibar husikiliza ndoa, talaka na mirathi. Mahakama za sharia za Malaysia zina pia mamlaka ya jinai juu ya Waislamu. Sheria ya makosa ya jinai ya kisharia ya mwaka 1997, inayotumika Kuala Lumpur, Putrajaya na Labuan, inasema katika kifungu cha 18 kwamba anayecheza kamari, au anayekutwa ndani ya nyumba ya kamari, adhabu yake ni faini isiyozidi ringgit 3,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kosa la kucheza halihitaji nyumba yoyote, kucheza kunatosha. Sheria hiyo inamhusu kila anayekiri Uislamu, haiulizi pasipoti yako ni ya wapi. Ukivuka kwenda Gombak umeingia Selangor, nako kuna sheria yao, maana mambo ya dini yako chini ya kila jimbo.

Genting ina leseni, ni kweli, ila Muislamu haruhusiwi kuingia kwenye kasino ile. Na kifungu hicho cha 18 kinaitambua nyumba ya kamari hata ikiwa sheria nyingine imeiruhusu. Ama nembo ya leseni ya nje, haimpi mtu ruhusa ndani ya Malaysia, ambako hakuna leseni ya kasino ya mtandaoni. Tena nyingine zimeshakufa: Julai 2024 Rais wa Ufilipino alitangaza kuyafuta makampuni ya kamari yanayohudumia wateja wa nje, yakatakiwa yafunge kabla ya mwaka kwisha. Nembo kwenye skrini ni picha tu, yeyote anaweza kuibandika.

Sasa fedha. Mkataba wa kamari ni batili, kwa hiyo fedha haikuhama milki. (Hata sheria ya mikataba ya Malaysia ya mwaka 1950, kifungu cha 31, inauhesabu mkataba wa dau kuwa batili, kampuni ikikunyima ulichoshinda, huna kesi.) Kwa kuwa uliyecheza naye ni kampuni moja, rai ninayoichagua ni kwamba 800 ulizoweka ni zako. Ziada ni 350, nayo si yako. Kuirudisha kwa kampuni ni kuitia nguvu, basi wape mafakiri kwa nia ya kujivua, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Usilipie kodi ya nyumba wala ada yako. Kama zimeshatumika, andika deni na ulipe kidogo kidogo. Lau ingekuwa poka, mchezo wa karata, ambapo hela yatoka mifukoni mwa wachezaji wenzio, usingefidia ulichopoteza kwa mmoja kwa kula cha mwingine.

Zile 90, kwa kuwa mtaji wako umesharudi wote, nazo ni ziada. Ukiweza kuzitoa bila kucheza tena, zitoe uzigawe vilevile. Hapa ndipo wengi hunasa: programu hudai kwanza uzungushe dau. Umeweka 100, ukapewa bonasi 50, sharti mara 20 ya vyote viwili. Maana yake ubeti jumla ya ringgit 3,000 ndipo utoe. Ukikuta sharti la namna hiyo, ziache zipotee. Usibeti hata mara moja kwa hoja ya kuokoa fedha za mafakiri.

Toba ina nguzo tatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi, na haki ya mtu ikiwamo, irudishwe. Kuacha kwako kuanze na kuifunga akaunti ya mchezo kabla ya kuifuta programu. Ukifuta programu peke yake, jumbe za bonasi zitaendelea kukufuata.

Ombi la mwenzako ndilo la hatari zaidi. Ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Al-Maida aya ya 2, na malipo yake ni haramu. Kwa upande wa serikali, akaunti za kupitishia fedha za wengine namna hiyo, wenyewe huziita akaun keldai, yaani akaunti za punda, ziliwekewa makosa mahususi katika marekebisho ya kanuni ya adhabu ya mwaka 2024, na jina litakalosomwa ni lako, na pasi yako ya mwanafunzi imo hatarini. Kama umeshampa kadi au nywila, nenda benki leo, izuiwe, ubadilishe nywila. Fedha usizozijua zikiingia, usizitume mbele wala usizitumie. Zitolee taarifa benki, au piga 997, kituo cha taifa cha kushughulikia utapeli.

Wallahu a'lam.